Kichujio cha Jovitha

Jovitha haamini macho yake, na hilo halikuanza jana. Ni mwaka wa kumi na tano sasa, na ukitaka kujua sababu muulize habari ya kadi za harusi ya Rugera. Wakati ule alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Kayanga, binti wa wakulima wa Ndama aliyesomea ukatibu muhtasari Bukoba, vidole vyepesi, shingo ndefu ya kujiamini. Akachapa kadi mia tatu, akazisoma mara mbili, akazitoa. Jina la baba wa bibi harusi halikuwemo. Baba mwenyewe alikuja ofisini na kadi mkononi, akaiweka juu ya meza bila kusema neno, akaondoka. Mpaka leo Jovitha akimwona sokoni anainama na kujifanya anachagua nyanya.

Hofu ile ndiyo iliyomfanya mhariri. Wengine hofu huwalaza kitandani. Yeye ilimkalisha kwenye kiti. Alipoacha ofisi na kufungua chumba chake chenye mlango wa bluu karibu na stendi, akawa anapokea mahubiri ya wachungaji, vitini vya walimu na historia za koo, na kila ukurasa aliouachia ulimnyima raha siku nzima. Ndipo akagundua makro. Unaiambia kompyuta, nitazame ninavyofanya. Unafuta hapa, unabadilisha pale. Kisha unaiambia, umeona? Basi kila nikibonyeza vitufe hivi viwili, rudia hivyo hivyo kitabu kizima. Mashine haisinzii, haiwazi ada ya binti aitwaye Jenifa chuoni, haitazami dirishani. Jovitha alipoona ile ya kwanza ikifanya kazi ya siku mbili kwa muda wa kupiga chafya, alilia kidogo, na hakuna aliyemwona.

Akazipa majina, kama mtu anavyowapa ng'ombe wake. Ufagio hufuta nafasi zilizojirudia na mistari mitupu. Karani huhesabu chochote unachotaka kihesabiwe. Kengele hupaka njano sentensi iliyozidi maneno arobaini, na kwa wachungaji wengine ukurasa wote hugeuka shamba la alizeti. Kichujio hakukitengeneza yeye. Kilitumwa na Restuta, aliyesoma naye Bukoba. Hicho hufuta mstari wowote uliokwisha kutokea mahali pengine. Siku hizi watu huandika vitabu kwenye simu na kumtumia vipande vipande, na kila kipande huja na mkia wa kipande kilichotangulia. Kichujio kilimwokoa na mikia hiyo.

Ukutani alibandika sheria moja kwa herufi kubwa: KWANZA NAKALA, NDIPO MAKRO. Yaani usiiachie mashine faili pekee uliyonayo. Aliifuata sheria hiyo miaka yote, isipokuwa siku moja.

Mzee Rwezaura wa Kaisho alifika mwezi wa tatu akiwa na madaftari matatu makubwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka themanini na minne, jicho moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho na la pili likifuata. Alikuwa ameandika historia ya ukoo wake. Sura ya mwisho ilikuwa orodha ya wote waliozikwa katika kibanja chake, ile migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, tangu babu yake alipofyeka pori. Jina moja, mstari mmoja, kwa mfuatano wa kuzikwa.

"Kila mmoja alizikwa peke yake," alimwambia Jovitha. "Basi na mstari awe nao peke yake."

Kitabu kilitakiwa siku ya misa ya ukoo, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Mwanawe Elipidius angesimama kibanjani na kuisoma orodha ile mbele ya ukoo wote. Mzee hakuficha haraka yake. Alitaka siku hiyo imkute bado anaona walau kivuli cha kitabu.

Jovitha alichapa, akahariri, akabembeleza. Alimshauri aondoe kurasa kumi na nne za ugomvi wa mipaka, nani alihamisha mmea wa nani usiku gani, na mzee akakubali kwa shingo upande. Mwishoni mwa mwezi wa sita alikuja kuchukua madaftari yake. Akaketi, akaegemeza fimbo mezani, akasema, "Nasikia una mashine inayosoma yenyewe."

Hapo ndipo majivuno yalipomponza Jovitha. Faili lilikuwa wazi. Lilikuwa na mistari iliyojirudia, kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika kila mara na akawa anachapa tena alichokwisha kuchapa. Sheria ilikuwa ukutani, inamkodolea macho. Lakini mgeni ameketi, anasubiri mwujiza, nani aanze kutengeneza nakala? Jovitha akabonyeza vitufe viwili. Kitabu cha kurasa mia moja thelathini na moja kikawa cha mia moja ishirini na tisa.

"Imekula!" mzee akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. "Waitu, mashine imekula!"

Naye Jovitha akacheka. Akahifadhi faili, akampa madaftari yake, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza imekula nini.

Jumatano, siku tatu kabla ya misa, Egbert alimtumia prufu ya mwisho, yaani kurasa za kukaguliwa kabla ya kuchapwa. Egbert ni mchapaji wa Bukoba, mtu wa maneno machache. "Mama Jenifa," aliandika, "ikifika saa kumi jioni leo sijapata neno lako, nawasha mashine. Nikichelewa hapo, Jumamosi mtasoma hewa."

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Jovitha alisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka akafika wa mia moja ishirini na nne, mahali mzee alipoandika: Hawa ni watu arobaini na mmoja. Kwa mazoea tu akamwita Karani awahesabu. Karani akajibu thelathini na saba.

Mzee kakosea, akawaza, uzee huo. Akafuta arobaini na mmoja, akaandika thelathini na saba, na nambari ikakaa vizuri kabisa na orodha. Alikwisha kugeuza ukurasa alipohisi kitu kinamvuta nyuma. Rwezaura alifundisha hesabu miaka thelathini na mitano. Mtu huyo angekosea watu wanne? Wafu wa nyumbani kwake mwenyewe?

Akairudia orodha, safari hii kwa macho yale yale asiyoyaamini. Kulikuwa na Privatus Kato. Kulikuwa na Edgar Ishengoma. Halafu kulikuwa na Kato mtupu, mmoja. Ishengoma mtupu, mmoja. Nyakato, mmoja.

Huku kwetu mapacha hawachaguliwi majina, huja nayo. Wakiwa wa kiume ni Ishengoma na Kato, wakiwa wa kike ni Nyangoma na Nyakato. Nyumba iliyojaliwa mapacha mara mbili ina akina Kato wawili, na hakuna anayeshangaa. Waliobatizwa walikuwa na jina la pili la kuwatenganisha. Lakini watoto waliokufa kabla ya maji kuwagusa walibaki na neno moja tu, na neno lile lile likirudi mstari wa pili, wa tatu, Kichujio hakijui kwamba ni mtoto mwingine. Kilimwacha wa kwanza, kikawala wenziwe. Na baba yao, au kaka yao, au vyovyote walivyokuwa kwake, alikuwa ameketi pale pale akicheka.

Jovitha alisimama, akatoka nje, akarudi ndani. Akampigia mzee; simu imezimwa. Akapiga tena. Akatafuta nakala ya zamani kwenye kila flashi aliyokuwa nayo, huku akijua kwamba hakuna. Alijaribu kukumbuka. Si yeye mwenyewe aliyechapa majina yale? Lakini mpiga chapa huchapa kwa vidole, si kwa moyo, na vidole havikumbuki kitu.

Wazo baya likaja polepole, likiwa na adabu zote. Mwache thelathini na saba. Mzee haoni. Nani atahesabu? Likafuatiwa na la pili: basi wachomeke, Kato hapa, Nyakato pale, arobaini na mmoja wametimia. Jovitha akaliangalia wazo hilo muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akaiona ile kadi ya harusi juu ya meza, na yule baba anavyoondoka bila neno. Mfuatano ulikuwa wa kuzikwa. Mahali fulani katika ukoo ule kulikuwa na mtu atakayekaa Jumamosi kusikiliza, akisubiri zamu ya mtoto wake ifike. Akaichomoa kompyuta, akachukua prufu iliyochapwa, akafunga mlango, akarudi kuhakikisha kwamba ameufunga, akarudi tena, ndipo akaenda kutafuta gari la Kaisho.

Njia nzima alikuwa akitunga uongo. Saa nne na nusu, betri ya kompyuta asilimia sabini na moja. Atasema anahakikisha tu. Atayaomba madaftari kama mtu asiye na neno, atanakili majina manne, atashukuru, ataondoka. Mzee hatajua kitu. Saa tano na nusu, wamesimama kupisha ng'ombe, naye anaitazama saa kana kwamba ataisimamisha kwa macho.

Alimkuta mzee barazani. Mkewe, Mama Auleria, alikuwa chini kwenye jamvi anamenya ndizi, kisu kikienda chenyewe.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Umekileta kitabu?"

"Bado, baba. Kinakuja."

Akaletewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akatafuna punje tatu bila kujua ladha yake. "Baba, nimekuja kulinganisha kitu kidogo tu na yale madaftari. Dakika tano."

"Madaftari?" Mzee akatabasamu. "Si nilishayachoma! Wewe si uliniambia mambo ya mipaka hayafai? Nikasema wajukuu wasije wakayakuta wakaanza kupigana. Kitabu kimo kwenye mashine, karatasi za nini tena?"

Jovitha akaweka kikapu cha kahawa chini. Uongo wote alioutunga toka Kayanga ulikuwa umemwishia mkononi. Saa ilikuwa sita na dakika ishirini.

"Baba," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto wa shule, "siku ile mashine ilipokula kurasa mbili. Ilikula watu wanne. Watoto. Akina Kato. Sikutengeneza nakala. Nilitaka kukuonyesha. Ni kosa langu, si la mashine, na sijui ni akina nani wala walikuwa mstari gani."

Kisu cha Mama Auleria kilisimama. Kuku akapita barazani, akarudi.

"Siku ile nilicheka," akasema mzee.

"Tulicheka, baba."

Mzee akaanza kuwahesabu kwa vidole. Babu yake. Bibi yake. Baba mdogo. Alifika kumi na tisa akamrudia mmoja, akaanza upya; alifika ishirini na tatu, wawili wakagombea nafasi moja, akapiga fimbo sakafuni kwa hasira. "Niliyaandika ili nisiyabebe tena kichwani!" alisema, na Jovitha akatamani angetukanwa tu. Saa saba kasorobo.

Mama Auleria akafuta kisu kwa jani la mgomba. "Inuka, mwanangu," akasema. "Chukua karatasi yako."

"Mama unajua kusoma?"

"Kusoma kwa nini? Mimi ndiye ninayewapalilia."

Wakaingia kibanjani, chini ya migomba, mama mbele ameinama kidogo, Jovitha nyuma na prufu na kalamu. Kila kaburi lilikuwa na mramura, ule mmea wa majani marefu unaopandwa penye mpaka na penye mtu. Kwa mgeni ni mimea tu. Mama Auleria aliigusa mmoja mmoja, akitaja kila mtu na aliyezikwa kabla yake. Huyu ni Rwegoshora mkubwa. Huyu mkewe. Huyu Nyakato wao, na huyu Nyakato mwingine, wa mke mdogo, alizaliwa mwaka wa njaa. Jovitha akaandika Nyakato pembeni ya karatasi, akachora mshale. Mmoja. Mbele kidogo wakampata Kato wa kaka yake mzee, na Ishengoma wake karibu naye, wamepandiwa mramura mmoja uliogawanyika. Watatu. Kila mara mama aliposita, moyo wa Jovitha ulisita naye. Saa nane na robo.

Chini ya mbuni mzee mama alisimama zaidi. "Hawa wawili ni wangu. Ishengoma na Kato, surua, siku moja. Hawa unao?"

"Ninao, mama."

"Na huyu Kato wangu wa pili. Mwenzake ndiye Elipidius, huyo wa kusoma Jumamosi. Huyu aliishi siku tisa. Padri alikuwa aje Jumapili." Akang'oa jani lililokauka. "Huyu unaye?"

"Sina, mama," Jovitha akasema, akalia pale pale, karatasi imekunjamana kifuani. Elipidius angesoma orodha nzima mbele ya mama yake na kumruka pacha wake mwenyewe. Mama Auleria alisubiri amalize, kisha akamwambia alizikwa baada ya nani.

Waliporudi walizunguka nyuma ya jiko. Hapo mama akapunguza mwendo, ndala zake zikasimama. Hapakuwa na mramura. Palikuwa na udongo mtupu, umefagiliwa.

"Na hapa, mama?"

"Hapa ni wa kwanza wangu. Msichana. Hakulia." Alisema kama anayeeleza njia. "Asiyelia hapewi jina, wala hapandiwi. Wanawake walimzika asubuhi, mzee alikuwa Bukoba kozini. Twende, wako wametimia arobaini na mmoja. Saa yako inakwenda."

Barazani Jovitha alifungua kompyuta, akatengeneza nakala kwanza, safari hii mikono ikikataa kufanya lolote bila nakala, akawarudisha wanne kila mmoja kwenye mstari wake. Akamsomea mzee orodha yote. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa, akitikisa kichwa kwa kila jina, na aliposikia Kato wa siku tisa aliguna.

"Wangapi?"

"Arobaini na mmoja, baba."

Mzee akageuza uso kwa mkewe. "Auleria," akasema, "mlipita nyuma ya jiko?"

"Tulipita."

"Basi andika arobaini na wawili."

Mama Auleria akainua uso kumtazama mumewe. Miaka sitini, na Jovitha aliona wazi kabisa kwamba neno hilo halijawahi kutamkwa katika nyumba ile. "Ulijua?" mama akauliza.

"Nilikuta pamefagiliwa. Kila siku nakuta pamefagiliwa."

Jovitha akaibadilisha nambari ikawa arobaini na wawili, kisha akapata mahali, juu ya Ishengoma na Kato wa surua. Kishale kikawa kinawaka na kuzimika, kinasubiri. "Nimwandike nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mzee akafungua kinywa. Mama akamtangulia. "Hana jina. Msimpachike la leo. Mwachie nafasi yake tu."

Akamwachia. Mstari mmoja, mtupu, kati ya majina mawili.

Mtandao ulipatikana juu, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Alipanda mbio, viatu mkononi, betri asilimia tisa. Saa kumi kasorobo faili likaanza kwenda. Likafika nusu, likaganda. Akainua kompyuta juu ya kichwa kama sinia, likaenda. Akaketi kwenye kahawa ya watu. Dakika tano zikapita, kumi. Simu ikalia.

"Mama Jenifa, nimepokea," alisema Egbert, na nyuma yake mashine zinanguruma. "Ila ukurasa wa mia moja ishirini na nne una mstari mtupu katikati ya orodha. Nadhani ulikuponyoka. Naufuta, nakwenda."

"Usiufute!" Jovitha alipiga kelele mpaka watoto waliokuwa wakichagua kahawa wakageuka. "Egbert, usiuguse."

"Lakini utaonekana ni kosa. Watu watasema mhariri alisinzia."

"Waache waseme."

"Sasa pale kuna nini?"

Jovitha alitazama chini, kwenye paa la jiko lililokuwa likitoa moshi kati ya migomba.

"Kuna mtu," alisema. "Washa mashine."